Kura ya Mama, Ibra

Dada yangu alipokuja kutuambia kwamba ameandikisha jina lake kugombea baraza la manispaa la wilaya yetu, mama alimuuliza swali moja tu.

"Chama gani?"

"Hapana chama, Mama. Huku kila mtu anasimama peke yake."

Mama alikuwa anachagua mchele kwenye sinia. Alitoa chuya mbili tatu, akaziweka pembeni, ndipo akasema, "Basi watu watagawanyika kwa lipi?"

Mimi nilicheka. Dada hakucheka, kwa sababu alikuwa amekuja na picha yake ya bango aliyotaka tuione, na hakuna aliyeiomba. Lakini swali la mama halikunitoka. Nilikwenda nalo kazini kesho yake, nikakaa nalo kwenye maabara ya hospitali, darubini mbele yangu na damu za watu kwenye vioo, nikijiuliza: kweli, bila chama, mtu wa Ibra, mji wetu huu wa Omani, humchagua nani na kwa nini? Mimi ni mdadisi tangu utotoni. Mke wangu hutumia neno baya zaidi.

Kwanza nieleze kwa nini mama aliuliza vile. Alizaliwa na kukulia Unguja mjini, na zama za siasa zilimkuta msichana wa miaka kumi na tano. Anasema kabla ya siasa watu walikuwa wanapikiana futari. Siasa ilipoingia, mwenye chama hiki hakununua chumvi duka la mwenye chama kile. Baba yake alikuwa chama kimoja na mjomba wake chama kingine, na watu wawili hao, waliokuwa wakicheza karata baraza moja kila jioni, wakaacha kuamkiana. Mjomba akafa ghafla kabla hata ya kura kupigwa. Babu yangu hakwenda kuzika. Mama alikuwa dirishani jeneza lilipopita chini ya nyumba yao, na baba yake yumo chumbani anahangaika na redio, anafungua, anafunga, anafungua. Kisa hiki nimekisikia mara nyingi, na kila mara anakimalizia kwa redio. Baadaye yalikuja makubwa zaidi, yanayojulikana, lakini mama ukimuuliza uchaguzi ni nini atakwambia ni mtu na shemeji yake kutozikana.

Kwa hiyo nilimwelewa aliposema hataki neno uchaguzi litajwe ndani ya nyumba. Anakaa kwangu, na nyumba ni yangu kwa hati, lakini amri ni yake.

Wiki mbili hivi baadaye ikatoka orodha ya wagombea. Binti yangu, anayesoma chuo Nizwa, aliituma kwenye simu zetu zote. Dada aliisoma sebuleni akiwa amesimama, akafika jina la tano au la sita, akaketi.

"Na huyu kasimama," alisema.

Huyu alikuwa ndugu yetu wa kunyonya.

Mama alipofika Ibra kutoka Unguja, dada alikuwa mchanga wa miezi minne. Hakumjua mtu. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu, si cha kuombea moto kwa jirani, na wanawake wa mtaa walimwita "yule Mzinjibari" wakimtazama anavyovaa kanga. Jirani wa ukuta kwa ukuta alijifungua mtoto wa kiume, akapata homa kali, maziwa yakakauka. Mtoto alilia siku mbili. Siku ya tatu mama aliingia nyumba ile bila kubisha, akamchukua mtoto, akampa ziwa. Alimnyonyesha miezi mitatu, dada kulia, yeye kushoto. Kwa sharia yetu hilo si jambo dogo: mtoto yule ni mwanawe, dada yangu ni nduguye, hawaoani, wala dada hajifuniki mbele yake. Na kwa mama lilikuwa kubwa kuliko sharia. Anasema kuanzia siku ile wanawake wa mtaa walianza kumwita mama fulani, wakamletea maji ya falaji, ule mfereji wa kale wa mji, kwa zamu, wakamfundisha kukausha ndimu. Yule mtoto ndiye aliyemwingiza Ibra.

Alikulia kwao na kwetu. Alijifunza Kiswahili kwa kula kwetu, Kiswahili cha mama hasa, chenye maneno ambayo binti yangu hayajui. Mama yake mzazi alifariki miaka mingi iliyopita. Tangu hapo anakuja kwa mama kila siku baada ya sala ya alasiri, saa ile ile anayokuja dada. Amestaafu idara ya maji. Anajua kila mfereji wa falaji unaopita chini ya mji huu na kila mtu anayegombana juu ya zamu ya maji. Dada naye ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya wasichana. Nusu ya kina mama wa wilaya aliwahi kuwachapa au kuwapa zawadi, na wengine vyote viwili.

Hawakuambiana. Kila mmoja alidhani anafanya la peke yake. Dada alitaka daraja pale wadi, ule mto wa msimu wa mvua, inapokata barabara, kwa sababu mara mbili basi la wanafunzi wake liliwahi kusimama upande wa pili mpaka maji yapungue. Ndugu yetu alitaka falaji zisimamiwe kabla hazijafa. Yote mawili ni ya kweli na yote mawili yanahitajika. Ndiyo maana nilizidi kutaka kujua watu watachagua vipi.

Nikaanza kuuliza. Nilimuuliza kila niliyempata, kwa heshima, nikijifanya nazungumza tu. Muuza vipuri vya magari aliniambia atampigia yule anayepokea simu: "Nilimpigia mjumbe aliyepita mara saba. Mimi sitaki mengine." Nesi mmoja wa kazini alisema atampigia mtu wa kabila la mume wake, kisha akasema la, wa kabila la mama yake, kisha akaniomba nisimwambie mume wake. Mzee mmoja anayekuja kupima sukari alisema atampigia mwenye bango dogo, kwa kuwa mwenye bango kubwa ana jambo. Kijana wa duka la simu alisema dada yangu, kwa sababu alimfundisha mama yake, na mama yake ndiye aliyemwambia. Hakuna aliyenitajia daraja. Hakuna aliyenitajia falaji, isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa anagombana juu ya zamu.

Nilikwenda hata sabla, ile nyumba ya mikutano ya wanaume wa kabila letu, siku walipokaa kuzungumza habari za kura. Kahawa ilipita, tende zilipita. Wakubwa walisema dada ni binti yetu na hatuna mgombea mwingine. Mmoja akakohoa akasema, lakini yule bwana ni nduguye wa maziwa, tukimpigia dada mtu tutakuwa tumemnyima kaka mtu. Wakanigeukia mimi. Nikasema mimi kazi yangu ni damu, maziwa sijawahi kuletewa maabara. Walicheka, na mwisho wakaamua kila mtu aangalie moyo wake. Mzee aliyeongoza kikao alionekana kufurahi kutoamua.

Nyumbani mambo yalikuwa ya kuchekesha, na ya kutisha kidogo ukimjua mama. Alasiri ilikuja, dada akaja, ndugu yetu akaja. Mabango yao yalikuwa barabarani, la dada karibu na mzunguko wa magari, la ndugu yetu mbele ya kituo cha petroli, na wenyewe wamekaa mkekani kwa mama, bega kwa bega, wanakula tende sahani moja.

"Shikamoo, Mama. Kef halish? Goti lako hali yake?" ndugu yetu aliuliza, kama anavyouliza kila siku.

"Marahaba, baba. Goti lipo, alhamdulillahi, halendi kokote."

Watu wawili waliokuwa wamehubiri tangu asubuhi, mmoja misikitini na mwingine majumbani, walizungumza habari ya paka wa jirani. Mama aliwamiminia kahawa, na nikaona anatazama vikombe visipishane. Siku moja alinitaka nimpeleke barabarani nimwonyeshe mabango. Nilidhani anataka kuona picha. Alinipitisha mara mbili, taratibu, gari nyuma yangu zinapiga honi.

"La yule bwana dogo," alisema.

"Ni sawa, Mama. Yote kipimo kimoja."

"La mwenzake limekaa pazuri. Na soko la Jumatano anaingia yeye tu."

Alisema kweli. Ibra tuna soko la wanawake kila Jumatano, wanaume hawaingii, na dada alikuwa anashinda mule asubuhi nzima. Nikamwambia mama kwamba ndugu yetu naye anazo sabla na misikiti. Nilimwona anapiga hesabu zake kimya, na nikazidi kuwashwa. Sasa udadisi wangu wote ulikuwa umehama mjini umekuja kukaa ndani ya nyumba yangu: mama atampigia nani?

Maana hilo ndilo lililokuwa rohoni mwa dada pia. Aliniambia siku moja tukiwa jikoni, mama amelala. Dada si mtu wa kuonyesha, lakini alikuwa anakwangua masizi ya birika kwa ukucha, kazi isiyo na sababu.

"Hajaniambia hata neno moja," alisema. "Hata inshallah hajasema. Mie nikishindwa nishindwe, lakini kura ya mama yangu naitaka. Ukimsaidia kupiga kura kwa simu utajua."

"Kura ni siri."

"Weye siri umeanza lini?"

Mama kura alikuwa nayo. Binti yangu alikuwa amemwandikisha zamani, bila mtu kumuuliza, kwa sababu tu alikuwa anaandikisha nyumba nzima. Huku kwetu kura hupigwa kwa simu: unaweka kitambulisho chako nyuma ya simu, simu inakisoma, kisha inataka kuona uso wako, kisha inakuletea wagombea na picha zao. Unabonyeza mmoja, unathibitisha, basi. Ukishathibitisha huwezi kurudi nyuma.

Nilidhani atakataa. Siku ya kura, saa nne asubuhi, baada ya kunywa chai, alisema, "Hebu leta hiyo simu."

Binti yangu alikuwa Nizwa, akatuelekeza kwenye simu ya mke wangu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Baba, kitambulisho yake iweke nyuma, juu kidogo. Huyu simu yako mzee, lazima ungoje."

Tulingoja. Simu ikakubali. Ikataka uso. Mama alijitengeneza mtandio, akavua miwani, akaitazama simu kwa ukali alionitazama nao nilipovunja kioo cha kabati mwaka ule.

"Inaniambia nini?"

"Ufumbe macho na ufumbue, Mama."

"Baba yangu alirudi na wino kidoleni," alisema. "Hii inataka kukonyezwa." Lakini alifumba, akafumbua. Picha zikatokea, wanaume na vilemba vyao, na dada yangu katikati yao amevaa miwani yake ya shule. Mama akaichukua simu mkononi mwangu.

"Haya. Geukia ukutani."

Niligeukia ukutani. Nakiri kwamba niligeuka kwa dhati. Nilitazama kalenda, nikasoma saa za sala za mwezi mzima. Nikamsikia anapumua. Nikamsikia anasema bismillahi, kwa sauti ya chini, kama anayekata shingo ya kuku na hataki kumtesa. Na hapo mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, baba wa watoto, niligeuza shingo.

Kidole chake kilikuwa juu ya kilemba. Nilimwona ndugu yetu anavyotabasamu chini ya ukucha wa mama. Akabonyeza, simu ikauliza kama ana hakika, akabonyeza tena.

"Kwisha?" aliuliza, na mimi nilikuwa nimesharudi kwenye kalenda.

"Kwisha, Mama."

Sikujua nifanye nini na nilichokiona. Mara moja nilijisikia vibaya kwa ajili ya dada, vibaya kweli, kana kwamba nimekuta barua isiyo yangu. Mimi mwenyewe nilimpigia dada, kwa mapenzi na kwa kumwogopa, nusu kwa nusu. Kisha nikaanza tena kuwaza: kwa nini? Ni daraja? Ni falaji? Ni bango? Nilitaka kumuuliza mama na sikuweza, kwa sababu kumuuliza ni kusema kwamba nilitazama.

Matokeo yalitoka jioni ile ile. Ndugu yetu alipata kiti. Dada hakupata, na hakukosa kwa mbali. Alipokea vizuri. Wanawake waliokuwa nyumbani kwake walilia zaidi yake. Yeye ndiye aliyewapa maji. Wageni walipopungua alinivuta pembeni, kwenye veranda, amechoka, mtandio umeteremka begani.

"Haidhuru," alisema. "Kura ya mama si niliipata?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno fupi, na hakuna mtu duniani ambaye angelihakikisha. Nimejiambia mara nyingi tangu hapo kwamba sikutaka kusema uongo, na si kweli. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuona. Nilitaka kuona uso wa mtu anayeambiwa jambo kama lile, na nikauona, na sitaki kuuona tena. Dada hakuuliza mara ya pili. Alipandisha mtandio wake, akaingia ndani.

Kesho yake alasiri dada hakuja kwa mama.

Ndugu yetu alikuja, na sahani ya halwa, haya imemjaa kwa ushindi wake. Alimwamkia mama, akauliza goti. Kisha akauliza dada yuko wapi. Alikuwa amepita kwake asubuhi, hakufunguliwa, na simu haipokelewi.

"Kichwa kinamuuma," mama alisema.

Siku ya pili tena hakuja. Ndugu yetu alikaa peke yake mkekani, pale alipozoea kukaa bega kwa bega na mwenzake, na safari hii hakukaa sana. Aliaga kabla kahawa haijamalizika. Alipofika mlangoni alisema kwamba labda asije kesho, ana wageni. Mama alimjibu kheri. Gari lake lilipoondoka mama aliniita.

"Ulitazama."

Sikusema kitu. Katika ukoo wetu kunyamaza ndiyo namna yangu ya kusema kila kitu.

"Ukamwambia."

"Sikumwambia, Mama. Aliniuliza, nikanyamaza."

"Ndiyo kumwambia." Hakuninyanyulia sauti. Angefanya hivyo ingekuwa nafuu. "Watoto wangu wawili wamepitisha miezi miwili mji mzima unawavuta, huyu huku na huyu huku, na kila alasiri wamekaa hapa. Hawakuwa na chama. Weye ndiye uliyewatafutia."

Nilikwenda kukaa ndani ya gari, nje, injini imezimwa. Nilikuwa nimeuliza nusu ya mji wanagawanyika kwa lipi, nikisikiliza kwa makini makabila na mabango na simu zisizopokelewa, na jibu nilikuwa nimelifanya mimi mwenyewe kwenye veranda. Nilimpigia dada. Hakupokea. Nilimwandikia kwamba kosa ni langu. Alisoma, hakujibu.

Ijumaa kwetu ni siku ya kula pamoja kwa mama. Hakuna anayealikwa, wali unapikwa na watu wanakuja baada ya sala. Ndugu yetu huja Ijumaa tangu hajaota ndevu. Ijumaa ile nilirudi kutoka msikitini, sinia likawekwa, samaki juu yake, na mkekani tulikuwa mimi, mke wangu na mama. Mama alitazama sinia. Hakusema tule.

Nilimtazama mama na nikaogopa. Goti lake haliwezi ngazi, macho yake yanahitaji kukatwa mtoto wa jicho, sukari yake naijua mimi kwa namba, lakini sijawahi kumwona mzee. Ijumaa ile nilimwona. Alikuwa amejikunja upande wa dirisha, anasikiliza magari yanayopita barabarani, na kila moja lilipopita bila kusimama aliteremsha mabega kidogo.

Ndipo mlango ukafunguliwa bila kubishwa, na dada akaingia. Hakuvua hata viatu. Alisimama juu ya kizingiti cha sebule, mkoba mkononi, amevimba macho.

"Mie ni mwanao wa tumboni," alisema.

Hakuamkia. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia dada akianza kusema na mama bila kuamkia.

"Ndiyo," mama alisema.

"Nilibebwa na weye baharini. Nimekuogesha ulipopasuliwa nyonga. Niambie nilikukosea nini. Niambie mbele ya huyu mpelelezi wako, maana atataka kujua."

"Hukunikosea."

"Basi kwa nini yeye?"

Mama alikuwa anasugua goti lake, juu, chini, kama anavyofanya anapotafuta neno. Mke wangu alitaka kuondoka, mama akamwashiria akae.

"Weye nikikukosea, utanuna," alisema. "Utanuna siku mbili, siku tatu, kisha utakuja utanipigia kelele mlangoni na viatu miguuni, kama hivi. Nakujua. Yeye nikimkosea hatanipigia kelele. Ataniamkia vizuri, ataniuliza goti, ataniletea halwa. Kisha atapunguza. Leo ana wageni, kesho ana kazi, mwezi ujao atakuja sikukuu kwa sikukuu. Na mie nitamwita kwa lipi? Sikumzaa. Nilimpa ziwa miezi mitatu, kila siku nashukuru kwamba bado anakumbuka. Mmoja nilikuwa na haki ya kumkosea, mmoja sina."

Dada alisimama pale pale. Nilitaka kusema kitu, nikajizuia, na naapa ni mara ya kwanza.

"Na ningekuwa sikuja?" dada aliuliza, sauti imepungua.

"Umekuja."

Dada alivua viatu. Alikuja akaketi upande wa kulia wa mama, akavuta sinia kidogo kuelekea kwake, akaanza kumchambua samaki miiba na kuweka minofu mbele ya mama, kama anavyofanya Ijumaa zote. Alifanya hivyo kwa muda mrefu bila kula, wala mama hakula. Kisha, bila kunitazama, akaninyooshea simu yake.

"Mpigie huyo mheshimiwa," alisema. "Wageni wake aje nao. Mwambie mama yetu hajala, anamngoja yeye."